Zungumza na Lenzi: Mpiga Picha wa Lamu Anamwambia Mtangazaji Mpya

Mimi si mtangazaji. Mimi ndiye ninayesimama nyuma ya kamera nikahesabu "tatu, mbili, moja", na kwa kazi hiyo nimewaona maripota wakianza hapa Lamu magoti yakigongana, kisha nikawaona Nairobi studioni wakisoma taarifa ya saa moja jioni bila wasiwasi. Mtu wa nyuma ya kamera huona asiyoyaona mtangazaji mwenyewe: bega lililopanda, jicho linalotafuta pa kukimbilia, ulimi unaolamba midomo iliyokauka. Kwa hivyo kijana akinijia na kuniuliza, "Ami, nifanyeje nisionekane mgumu?", simpi nadharia. Namwambia ninachokiona kwenye kioo cha kamera.

Na ninachokiona mara nyingi zaidi ni mtu mcheshi, ambaye dakika moja iliyopita alikuwa akitutania gatini, taa nyekundu ikiwaka anageuka mwanasiasa. Sauti inapanda, kifua kinajaa, maneno yanarefuka. Anahutubia umati ambao haupo. Anayekutazama yuko sebuleni kwake, pengine kajilaza mkekani, peke yake au na watu wawili watatu wa nyumbani. Hesabu kwamba ni mtu mmoja. Waliomsikiliza marehemu Leonard Mambo Mbotela, yule mtangazaji wa redio wa "Je, Huu ni Ungwana?", wanajua nisemalo: nchi nzima ilikuwa ikimsikiliza, na kila msikilizaji alijiona ni yeye anayeulizwa.

Basi chagua mtu wako. Awe mtu halisi unayemjua, anayekupenda kiasi cha kukusikiliza lakini hajui lolote kuhusu habari unayoileta. Mimi hupendekeza khalati, yaani dada wa mama, au bibi, kwa sababu hao hawaoni haya kukukatiza: "Hebu niambie vyema, nani kafanya nini?" Tafuta picha yake ndogo ya pasipoti, ibandike kwa selotepu chini ya lenzi, karibu kuigusa. Kabla ya sentensi ya kwanza tamka, "Khalati, waskia?" Kama unarekodi, tamka kwa sauti, utaikata baadaye. Kama uko mubashara, itamke moyoni. Wanaojirekodi kwa simu wana balaa moja zaidi: hujitazama wao wenyewe kwenye kioo badala ya lenzi, na mtazamaji huona macho yaliyoteremka kidogo, ya mtu anayewaza jambo jingine. Funika kioo kwa karatasi, acha tundu la lenzi peke yake. Afadhali zaidi tumia kamera ya nyuma ya simu, maana picha yake kwa kawaida ni bora na huna pa kujitazamia.

Kuna ripota wa kike nilikuwa naye gati la Mokowe, habari ikiwa ni ya nauli za boti. Karatasi yake ilianza hivi: "Wakaazi wa kaunti ya Lamu wameelezea kughadhabishwa kwao na hatua ya kupandishwa kwa nauli za usafiri wa majini." Kila akirudia, uso unazidi kukakamaa. Nikamwambia, mwanangu, weka karatasi chini, niambie mimi, kuna nini hapa? Akasema, "Ami, watu wamefika gatini asubuhi wakaambiwa nauli imepanda, na wengine hawana ya kuvukia." Hayo hayo, nikamwambia, mwambie lenzi. Uso ukalegea, mikono ikaanza kwenda yenyewe. Ile sentensi yake ya kwanza iliandikwa kwa ajili ya gazeti, na hakuna uso wa binadamu unaoweza kuibeba. Tangu hapo siwasahihishi watu nyuso. Nasoma kwanza karatasi.

Kwa hivyo ukiandika, sema kwanza ndipo uandike. Jirekodi kwa simu ukimsimulia mtu habari, kisha uandike ulivyosema, uondoe makosa, usiongeze utukufu. Sentensi inayokutaka kuvuta pumzi mara mbili ikate iwe mbili. "Mchakato", "suala zima la", "kwa minajili ya" hayana haja. Namba nazo zina mtego wake kwa Kiswahili. Ngome yetu ilianza kujengwa 1813 ikamalizika 1821. Kwenye karatasi ni tarakimu nane tu. Mdomoni ni "elfu moja mia nane na kumi na tatu" halafu "elfu moja mia nane ishirini na moja", na hapo pumzi imekwisha na khalati amekwenda kutazama chungu. Sema "imesimama hapa miaka mia mbili na zaidi" uendelee na safari. Mwaka ambao Mji wa Kale uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, 2001, huo unatamkika bila tabu, uache ulivyo.

Lafudhi nayo. Vijana wa Amu, ndiyo Lamu hii hii, huogopa kwamba lahaja itawaponza, basi wakiiona kamera wanakaza taya waongee wasivyoongea. Maoni yangu, na najua wahariri wengine watanipinga: sarufi iwe sanifu, msamiati uwe unaoeleweka Kisumu na Kitui, lafudhi iache ilipo. Taya lililokazwa linaonekana kwenye picha kabla ya lafudhi kusikika.

Miguu, pumzi, mikono

Mwili hupangwa kuanzia chini. Ukisimama na magoti yaliyofungwa, mwili huanza kuyumba bila wewe kujua, na kwenye fremu ya karibu kuyumba kidogo huonekana kukubwa. Mguu mmoja mbele kidogo, uzito uuweke zaidi juu yake, magoti yawe laini. Kwenye mchanga wa Shela chimba kwanza kwa visigino mpaka upate pagumu, la sivyo utazama polepole na mimi nitakuwa nikikufuata kwa lenzi.

Mabega yapandishe mpaka masikioni, yakaze, yaachie. Fanya hivyo kabla sijawasha. Kuhusu pumzi, karibu kila mgeni wa kamera hukosea vilevile: anavuta hewa nyingi, anaishika, anaanza. Sauti hutoka nyembamba na inakwisha njiani. Fanya kinyume. Toa pumzi yote nje, ngoja kidogo, iingie yenyewe ndogo, anza.

Mikono iache iwe usawa wa tumbo, ikitaka kusogea isogee. Mfukoni hapana, nyuma ya mgongo hapana. Ukishika maiki, ngumi ikae chini ya kidevu, maiki isiufunike mdomo, na kiwiko kikae karibu na mbavu kisichoke. Wasiojua la kufanya na mkono wa pili, mimi huwapa kitu cha habari yenyewe: kipande cha wavu kama habari ni ya wavuvi, risiti kama ni ya bei. Mkono ukiwa na sababu unatulia.

Macho yana sheria chache. Kupepesa ni halali, usijizuie. Kama una karatasi, maliza sentensi, teremsha macho, soma kimya, inua macho, ndipo uongee. Huo ukimya unaouona mrefu mtazamaji hauoni kabisa. Usiongee ukiitazama karatasi, na ukitafuta neno tazama chini badala ya pembeni, kwa sababu macho ya pembeni humfanya hata mkweli aonekane anaficha kitu. Anayesoma teleprompta, kile kifaa kinachopitisha maneno mbele ya lenzi, aongeze ukubwa wa herufi, apunguze upana wa mistari, kisha kifaa kisogezwe mbali. Kikiwa karibu, mboni zinaonekana zikienda na kurudi.

Jua la hapa

Hili nitalikalia, kwa sababu nusu ya uso mzuri wa kwenye kamera ni mahali uliposimama. Mji wa Lamu umeelekea mashariki, kisiwa cha Manda kiko ng'ambo. Asubuhi jua linatoka upande wa Manda. Ukisimama pwani ukaupa mji mgongo, jua linakupiga usoni na utakunja macho mpaka uonekane umekasirika. Ukiipa bahari mgongo, nyuma yako kunameremeta na uso wako unakuwa kivuli kitupu. Watu wote hutaka mandhari ya majahazi asubuhi, na asubuhi ndiyo saa mbaya ya mandhari hiyo. Subiri alasiri. Jua likishapita nyuma ya majumba, ukingo wote wa bahari unaingia kivulini, wewe uko kwenye mwanga laini, na nyuma yako mkondo wa bahari na mashua bado vina jua. Hapo hata mtu asiyejipodoa anapendeza.

Saa sita mchana, tukiwa karibu nyuzi mbili tu kusini mwa ikweta, jua liko juu ya utosi. Paji la uso linang'aa, macho yanakuwa mashimo mawili. Wengi hukimbilia Mkunguni, pale mbele ya Ngome, chini ya mti. Kivuli kipo, lakini ni cha madoadoa, shavu moja lina jua na jingine halina, na upepo ukitikisa majani madoadoa yanakutembea usoni. Ingia vichochoroni badala yake. Kaa kwenye daka la nyumba, kile kibaraza cha mlango wa kuingilia, uso uelekee njia. Ukuta wa chokaa wa jirani unarudisha mwanga ulio laini kuliko taa yoyote niliyo nayo begani. Kiwanda cha nyumba ya mawe, yaani ua wake wa ndani, nacho ni kizuri kwa mahojiano, mradi usikae katikati jua likiwa juu.

Maji nayo ni saa ya ukutani. Hujaa na kupwa kwa muda wa takriban saa sita sita, kwa hiyo ukirekodi nusu ya maneno saa nne ukarudi saa kumi, mashua zilizokuwa zikielea nyuma yako zitakuwa zimelala ubavu. Maliza yote mara moja.

Kanzu, buibui na maiki

Kamera ikiachiwa ijipimie mwanga yenyewe hutafuta wastani. Kanzu nyeupe ikijaa kwenye fremu, kamera hudhani pana mwanga mwingi, inapunguza, na uso wa mwenye kanzu unakuwa mweusi tii. Buibui ni kinyume chake: kamera hudhani pana giza, inaongeza, na uso wa dada unaungua, hauna pua wala mashavu. Dawa ni moja kwa wote wawili. Pima mwanga kwenye uso. Simu nyingi ukibonyeza kidole juu ya uso na kukishikilia kidogo, kipimo hufungwa hapo, kisha unaweza kuteremsha mwanga kwa kutelezesha kidole. Kanzu ya rangi ya maziwa au ya kahawia nyepesi hukupunguzia kazi. Dada mwenye buibui asisimame mbele ya mlango wa mbao nyeusi uliochongwa, hata uwe mzuri vipi, atameza mandhari na mandhari itammeza. Ukuta mweupe ulio mbali kidogo nyuma yake unamtenga vizuri.

Kikoi cha mistari myembamba kiache nyumbani. Mistari ile huchezacheza kwenye picha mtu akisogea, na mtazamaji atakitazama hicho. Miwani ielekeze chini kidogo kama inarudisha mwanga. Jasho la hapa halishindwi, linadhibitiwa: leso kavu, gusa usisugue, kisha poda kidogo ya rangi yako, wanaume pia. Sijui kwa nini wanaume hulionea haya jambo la poda hali kunukia udi wanakupenda.

Maiki ndogo ya kubana huwekwa kifuani, kiasi cha kiganja kimoja au zaidi kidogo chini ya kidevu. Kwa mwenye mtandio, usiiingize ndani kiholela. Kitambaa cha nailoni kikisuguana nayo husikika kelele ya mfuko wa plastiki. Ibane nje, juu ya tabaka lililotulia, au kama lazima ifichwe, ishikilie kwa plasta ndani ya kitambaa ili vyote viwili visogee pamoja. Mwache dada ajiwekee mwenyewe, wewe mwonyeshe kwa mkono wako kwenye nguo yako. Kisha mwambie ageuze shingo kulia na kushoto huku unasikiliza kwa visikizi.

Upepo wa kusi ukivuma, sifongo ile nyeusi haitoshi, unataka kifuniko cha manyoya. Huna? Jikinge na mwili wako, uupe upepo mgongo au bega. Adhana ikianza, ngoja iishe. Misikiti iko karibu karibu na hutaipita kwa kupaza sauti, na hata kama ungeweza si adabu. Ukiwa na mubashara, tazama saa za swala mapema umwambie mtayarishaji wako.

Mubashara

Kwenye matangazo ya moja kwa moja, uso hupimwa zaidi wakati huongei. Mtangazaji wa studio anauliza swali, na swali linachelewa kukufikia. Mawimbi kupanda hadi setilaiti iliyo takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta na kushuka tena huchukua kama robo sekunde, na hapo hujahesabu mashine zinazoikaza picha na kuifungua. Wanaorusha kwa mkoba wenye laini za simu hukawia sekunde moja, mbili, wakati mwingine zaidi. Katika muda huo taifa zima linakutazama ukiwa umesimama.

Wageni hufanya nini? Wanagusa sikio, wanatazama pembeni, wanasema "haloo?", wanageuza macho kwangu wapate msaada. Mimi siwezi kukusaidia, mwanangu, niko nyuma ya kamera. Kaa na khalati wako. Macho kwenye lenzi, mdomo umefungwa bila kubanwa, uso wa mtu anayesikiliza. Swali likifika, tikisa kichwa mara moja tu, kidogo, ndipo ujibu. Usianze kujibu hali swali halijaisha, mtagongana na kuachiana nafasi na kugongana tena.

Jambo la kukagua kabla ya kwenda hewani: je, sikioni unasikia sauti yako mwenyewe ikirudi kwa kuchelewa? Kama unaisikia, waambie studio waitoe. Hakuna binadamu anayeweza kuongea sawasawa akijisikia nyuma kwa sekunde moja. Ulimi unakuwa mzito na unajiona umesahau Kiswahili. Wakishindwa kuitoa, chomoa kifaa sikioni mara tu swali linapoisha, jibu, kisha ukirudishe.

Jifunze sentensi ya kwanza na ya mwisho kwa moyo. Za katikati zijue kwa mambo, matatu yanatosha: kimetokea nini, nani kaguswa, kinachofuata ni nini. Anayekariri kila neno, akipoteza moja hupoteza yote.

Kuhusu walio nyuma yako: watoto watakupungia, punda atapita na mzigo wa matumbawe, mtu atakuita jina. Usigeuke isipokuwa uko hatarini kukanyagwa. Kabla hujaanza, nenda kwa wazee walio barazani, toa salamu kamili bila haraka, useme, "Wazee wangu, twaomba dakika chache hapa." Watawatuliza watoto kuliko mimi na wewe tukifoka. Punda hana wa kumwomba. Akilia, tabasamu, mngoje, endelea. Watazamaji wanajua uko Lamu.

Mazoezi ya nyumbani ni mepesi kuyaeleza. Jirekodi dakika moja. Itazame bila sauti, uone mwili unasema nini. Kisha igeuze simu kifudifudi, sikiliza bila picha. Halafu mwonyeshe mtu wa nyumbani mara moja tu na umwulize habari ilikuwa nini. Akikusimulia habari, umefaulu. Akisema "mtandio umekupendeza", rudia.

Na ukisha kujitaja jina, mahali na kituo, usiondoke. Wengi hutamka neno la mwisho na papo hapo macho yanaanguka, pumzi inatoka, uso unasema "alhamdulillahi nimemaliza", na yote yanaonekana. Baki unamtazama khalati mpaka niseme "tumetoka", kwa sababu mhariri anahitaji sekunde hizo mbili tatu za kukatia. Na hata nikishasema, usimseme mtu uliyemhoji, usiisifu wala kuilaumu kazi yako, mpaka maiki iwe mkononi mwangu na uione nimeizima.